Nyongeza Haipimwi kwa Kikombe

Sokoni kwetu Rongai, bei ya mkebe wa maharagwe, gorogoro, inajadiliwa. Nyongeza haijadiliwi. Ukishamimina gorogoro kwenye mfuko wa mteja, unatumbukiza mkono guniani na kumwongezea konzi moja. Hapo ndipo anapokupima wewe. Nimeuza hivyo tangu nikiwa msichana, na konzi yangu ilijulikana: si ya kunifilisi, si ya kunitia aibu.

Mwaka jana ikaanza kuvuja. Nafumba mkono, maharagwe yanapenya chini ya kidole gumba. Nyama ya pale kwenye shina la kidole ilikuwa imekwisha, kama shavu la mtu aliyeng'olewa meno. Nililinganisha na mkono wa kushoto, nikalinganisha tena.

Mteja wangu wa miaka mingi, mama mmoja mpishi wa hoteli, aliutazama mfuko wake. "Mathe, siku hizi mkono umebana." Nikamwambia ni ugonjwa. Akasema huo ugonjwa soko zima linao.

Nikaenda Nakuru. Daktari, kijana wa rika la kitinda mimba wangu, alinichoma sindano nyembamba za kupima umeme wa msuli, kisha akanieleza. Neva na msuli hukutana mahali padogo sana, na amri ya kufumba mkono hupitia hapo. Umri ukisonga, mahali hapo huchakaa. Neva nyingine hufa kabisa, na nyuzi za msuli ilizokuwa ikizilisha hubaki yatima. Neva jirani huchukua baadhi, ikalea zake na za mwenzake, mpaka nayo ichoke.

"Na mimi nimebakiwa na majirani wangapi?"

"Wachache, mathe. Mazoezi yatakusaidia kutunza waliopo. Waliokwenda hawarudi."

Nilijaribu kumbana anipunguzie hukumu hiyo, kama bei. Hakushuka hata kidogo.

Nikaleta kikombe sokoni. Mpishi alikikataa kabla sijakijaza. Kikombe ni kipimo, alisema, nyongeza hutoka mkononi. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Mkono wa kushoto sikuthubutu. Nani humpa mtu kwa kushoto?

"Basi chota mwenyewe," nikamwambia.

Akasita, akakitazama kile kidole, nadhani kwa mara ya kwanza. Kisha akazamisha mkono wake mpana wa kusonga ugali, akatoka na konzi ambayo mimi singempa hata Krismasi. Nyuma yake wateja wawili walikuwa tayari wanakunja mikono ya sweta.