Bango la Herufi

Kinyozi hajinyoi, na fundi miwani huyu aliicheka methali hiyo miaka tisa bila kujua inamcheka yeye. Kila baada ya miezi mitatu alipakia masanduku ya fremu kwenye gari lake kuukuu, akavuka jangwa peke yake, akapima macho ya watu katika miji miwili ya mchangani na mitatu ya pwani. Mama yake aliishi mji wa mwisho. Kwa hiyo mama alipimwa mwisho, tena kwa haraka, injini ikiwa bado moto.

Safari hii jirani alikuwa amempigia simu. "Mama yako anamimina chai mezani, kikombe kipo pembeni."

Hakushtuka sana. Mama alikuwa akisoma bango la herufi la kupimia macho mpaka mstari wa chini kabisa, safari baada ya safari. Ni uzee tu, alijiambia, miwani ya kusomea itatosha. Akamtengenezea, yenye fremu ya rangi ya asali, akaiweka kwenye droo ya gari.

Katika mji wa kwanza, bango likiwa limebandikwa mlangoni mwa gari, upepo wa jangwa ulilibandua ukaondoka nalo.

"Dada Miwani, lifukuze!" dereva mmoja wa lori alipiga kelele. "Au na wewe huoni mbali?"

Alicheka naye. Chini ya kiti alikuwa na bango jingine, halijatolewa hata kwenye nailoni, lenye herufi tofauti. Akaendelea na kazi kwa hilo. Alipima, akakunja mikono ya miwani, akaendesha. Mchanga ulikatika, hewa ikawa ya chumvi, vioo vya gari vikaanza kunata. Saa kumi jioni ya siku ya mwisho alikuwa mlangoni kwa mama.

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, kitambaa cha meza kina madoa ya chai.

"Umekonda," mama alisema kabla hajasogelewa.

"Kila siku nimekonda, mama. Haya, tupime kidogo, kisha nina zawadi yako."

Alilitundika bango kwenye msumari uleule, ukuta uleule. Mama akanyoosha mgongo kama mwanafunzi hodari.

"R," alisema. "Halafu T na K. Halafu M, S, B..."

Alienda hivyo mpaka mstari wa mwisho, bila kukwama. Lakini juu kabisa kwenye bango hili jipya, kubwa kama kiganja, palikuwa na herufi H.

Fundi alikaa kitako sakafuni. Kisha akatoa tochi, akamulika jicho moja, akamulika la pili, akachungulia ndani kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuchungulia jicho la mteja yeyote. Presha ya macho. Ingegunduliwa mapema, ingezuiwa kwa matone ya dawa. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

"Ulilikariri lini bango la zamani?"

"Kitambo. Ulikwenda kunawa, nikalisogelea bango. Wakati ule nilikuwa bado naona kwa karibu."

"Kwa nini, mama?"

"Ulikuwa unaangalia saa, mwanangu. Nikasema, nikimwambia sioni, atachelewa njiani kwa ajili yangu."

"Na mimi nikakuamini!"

"Ulikuwa umechoka." Mama alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake. "Iko wapi zawadi?"

Angeweza kusema ameisahau. Lakini mama alikuwa ameshainua uso, akisubiri. Akamvisha. Akaivua, akakunja mkono wa kushoto wa miwani kidogo kwa vidole, kwa sababu sikio la upande huo lilikuwa juu kuliko jingine, akamvisha tena. Ilikaa vizuri, haikuteleza.

Mama aligeukia dirishani, upande wenye joto la jua.

"Nimependeza?"

"Umependeza, mama."

"Basi nenda, usije ukaendesha gizani."

Fundi alienda nje, akashusha masanduku yote ya fremu, akayaingiza nyumbani kwa mama moja moja.