Safu ya Katikati

Filamu yenyewe ni ya Kifilipino. Nilioneshwa na mwenzangu wa mapokezi katika zahanati ya meno ya mtaa wa Hamriya, wakati wa chakula cha mchana, kwenye simu yake. Yeye ni Mfilipino, analia upesi, na alitaka mtu wa kulia naye. Inahusu kijana anayelelewa kwa jinsia moja, kisha anapobaleghe mwili wake unaonesha dalili za zote mbili. Daktari anamweleza, naye anarudi nyumbani akishindwa kula. Na mimi nikasukuma bakuli langu la wali kando.

"Kwenu wapo watu kama hawa?" aliniuliza huku akijipangusa macho.

"Hapana," nikasema, nikaondoka kwenda kuosha bakuli ambalo bado lilikuwa na chakula.

Yupo mtoto wa mama mdogo wangu. Tulilelewa kama mtu na mdogo wake, tukisukana nywele na kugombea mto mmoja. Alifika miaka kumi na sita bila kuvunja ungo, na sauti ikaanza kukwaruza, basi akapelekwa hospitali. Aliyoambiwa huko alinieleza mwenyewe, jikoni kwa bibi yetu, huko mtaa wa Mabela, akiwa amenishika mkono.

"Nnakwambia wewe tu. Wengine ntawaambia mwenyewe, nikiwa tayari."

Nikaapa wallahi sitasema.

Siku zile nilikuwa na kiherehere cha elimu. Nilihudhuria darsa la wanawake msikitini, na kila nilichokisikia lazima nikakimwage nyumbani. Wiki ile ile nikamuuliza mwalimu, naye akanijibu kuwa khuntha, yaani mtu mwenye maumbile ya namna ile, husimama kuswali nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Jibu lile likawa linaniwasha.

Ijumaa ukoo ulikusanyika kwa bibi kula biriani. Ilipofika laasiri tukapanga safu sebuleni, mjomba mbele, wanaume nyuma yake, kisha sisi. Ndugu yangu yule akaja kusimama ubavuni kwangu kama siku zote. Nikamsukuma kidogo kwa kiwiko.

"Si hapa. Wewe mahala pako pale katikati."

Nilidhani nimenong'ona. Akina mama wakageuka. Alisogea mbele, akasimama peke yake kwenye zulia rakaa zote nne. Tulipotoa salamu bibi akauliza, "Mbona kasimama pale, mwanangu?" Nikamjibu mimi, mbele ya wote, kwa lile neno la Kiarabu, na maelezo juu. Naona aibu hata kuliandika hili: nilijiona nimefanya jambo la maana.

Mama mdogo alimchukua mtoto wake wakaondoka bila kunywa chai. Tangu hapo ndugu yangu hakuswali nasi tena, na baina yetu zikabaki salamu za Idd.

Siku ile ya filamu, nilipotoka kazini, nilimpigia simu ndugu yangu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kuomba radhi, yakanipotea yote, nikaishia kumsimulia filamu.

"Nimeiona," akasema. "Unakumbuka pale rafiki zake wanapojua?"

"Nakumbuka."

"Aliwaambia mwenyewe."

Kisha akaniuliza kama mama hajambo, kwa adabu, kama anavyoulizwa mtu baki.