Akwarium ya patron inapita juu ya dada yangu

Admin, nifiche jina. Mji sifichi, ni Kindu, upande wa Kasuku. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tano, fundi wa mabomba, nina mke na watoto watatu. Kwa kazi yangu silalamikiwi. Anayesema bomba langu limewahi kuvuja aje hapa kwenye komenti aseme. Lakini wiki hii nzima situlii. Nikiketi nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda. Mke wangu ameniuliza kama nimepata mwanamke mwingine. Afadhali ingekuwa hivyo.

Mwezi uliopita aliniita mfanyabiashara mmoja wa madini, mtu wa safari za Kampene; sisi mafundi tunamwita patron, yaani bosi. Amenunua nyumba ya zamani, amevunja ukuta wa katikati, na pale ulipokuwa anataka akwarium kubwa, ndefu kuliko kitanda. Itagawa saluni, yaani sebule, na mahali pa kulia, samaki waonekane pande zote mbili. Mabomba hataki kuyaona. Pompi hataki kuisikia. Nilifurahi, maana kazi kama hiyo fundi anaipata mara moja tu maishani. Nilichora kila kitu: maji ya juu yanamwagikia kwenye kona ya kioo, yanashuka chini ya sakafu hadi tangi la pili nyuma ya nyumba, yanachujwa, pompi inayarudisha. Bomba la kurudisha nililiwekea kitundu karibu na uso wa maji, ili umeme ukikatika liingize hewa na maji yasivutwe kurudi nyuma yakafurika. Na umeme wetu mnaujua.

Shida ilianza siku ya kwanza nilipoingia nipime. Nyumba yenyewe naijua. Wakati wa vita tuliipanga sisi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa ameenda kusini na treni, na treni haikurudi tena. Mji ulikuwa umefungwa, anayetoka kwenda shamba hajui kama atarudi. Dada yangu mdogo, nitamwita Sifa, alikuwa na miaka mitatu. Homa na njaa vilimchukua kwa siku nne. Nje risasi zinalia, makaburini hakufikiki. Mama naye alikuwa mgonjwa, hawezi hata kusimama. Alimwosha mtoto akiwa ameketi, akamfunga kwenye kikwembe, kitenge chake kizuri, akaniambia nichimbe chumba cha kulala, kando ya ukuta. Sakafu ilikuwa udongo mtupu wakati ule. Nilichimba, nikamlaza, nikafukia. Vita vilipoisha tulihama, na waliokuja baadaye wakamwaga simenti. Hakuna aliyejua.

Sasa njia iliyonyooka kutoka kwenye akwarium hadi lile tangi la nyuma inapita palepale. Mimi nikachora njia ya kuzunguka jikoni, kona nne. Patron si mjinga. Aliweka kidole kwenye mchoro wa bomba akaniuliza, "Fundi, sababu gani tuyau inazunguka vile? Pitisha yote droit, inyooke."

Nikamjibu, "Patron, pale chini iko jiwe mukubwa."

"Njo hiyo tu? Tutaivunja. Lundi nikitoka Kampene nitakuja na watu wa kuvunja jiwe."

Ona uongo wangu ulivyonirudia. Kona nne zinapunguza mwendo wa maji, hilo ni kweli, na akwarium inaweza kufurika pompi ikizidi. Kupitisha darini haiwezekani, maji ya kushuka hayapandi. Nikakubali bomba linyooke.

Juzi nilikwenda kwa mama. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamweleza yote, nyumba, akwarium, mfereji.

Akauliza bila kuinua kichwa, "Tuyau inaingia chini namna gani?"

"Pale kwa Sifa itafika mu magoti, mama. Lazima iinamie nyuma."

"Basi haina neno. Ulichimba mpaka mu kiuno. Tuyau itapita juu, yeye iko chini yake. Usiambie patron, watamutoa na kumutupa kule."

Nilitikisa kichwa kukubali, nikaaga, nikaondoka. Nilipofika njiani nililia kama mtoto, na watu wa pikipiki wakinitazama.

Maana hiki ndicho sijawahi kumwambia mtu yeyote. Siku ile nilikuwa sijala siku mbili. Nilichimba kwa kipande cha panga na sahani ya bati. Udongo wa juu ni laini, ule mwekundu wa chini ni mgumu, mikono ikatoka damu. Mama alikuwa kwenye mkeka chumba cha pili, haoni, akauliza, "Umefika wapi?" Nikajibu, "Mu kiuno, mama." Kweli udongo ulinifika kiunoni. Nilikuwa nimeketi.

Mama amezeeka akijua kwamba mtoto wake yuko chini kabisa, hakuna kinachoweza kumgusa. Hilo ndilo limempa usingizi miaka yote hii. Nikimwambia patron, mama atajua sikumsikiliza, na sijui patron atafanya nini na ile mifupa. Nikimwambia mama, namzika Sifa upya mbele yake. Nikinyamaza, watu wa kuvunja jiwe watampata kabla hawajafika magotini.

Na mama ameniambia atakuja Jumatatu, hiyo Lundi ya patron. Atajifanya ananiletea chakula, kumbe anataka kusimama pale wakati wa kuchimba, amwombee mtoto wake kimya kimya.

Ndugu zangu, leo ni Ijumaa. Nianze kusema na nani, na niseme vipi? Nisaidieni.