Ekseli Yangu ya Kisasa

Wenzangu, bora mnicheke nikiwa nasimulia mwenyewe.

Kabla ya mashindano yetu ya baiskeli za milimani hapa Kawempe, shemeji yangu Hamisi alifunga gurudumu lake la nyuma kwa ekseli ya nati, kile chuma cha katikati ya gurudumu kinachokazwa kwa spana. Mimi nilinunua ile ya kisasa, yenye mkono wa kufungia, nikautangazia mtaa mzima kwamba nati ni za wabeba matoke, wale wanaosomba ndizi sokoni kwa baiskeli. Nikauzungusha ule mkono mpaka ukakazika, nikaondoka.

Nilipanda kilima kama ninayefukuzwa na nyuki. Gurudumu liliyumba, nikadhani ni kasi yangu. Nikafika juu wa kwanza, nikakabidhiwa mbuzi wa zawadi. Kwa mkono mmoja nikashika kamba yake, kwa wa pili nikainua baiskeli nipigwe picha.

Gurudumu likachomoka, likateremka kumfuata Hamisi aliyekuwa bado anapanda. Akaja nalo begani.

“Shemeji, mkono wa ekseli unakunjwa ndipo ubane. Wewe umeuzungusha kama nati ya wabeba matoke.”

Watu wakaangua kicheko. Nikaweka baiskeli chini, nikapokea gurudumu langu kwa mkono mmoja. Ule mwingine haukumwachia mbuzi.