Siku Niliyopeleka Mazutu ya Mwani kwa Wakwe

Nitawaambia, lakini msinitazame usoni, maana mpaka leo nikipita ile barabara ya kwenda Luano ninageuza kichwa kama mtu mwenye shingo ya kuuma, na watu wa nyumba zote za pale (ninaapa, hata mbuzi wao) wananijua kwa jina ambalo mama yangu hakunipa: Bwana Povu.

Mnajua kwamba mimi nilisoma shule ya usiku, na nilipopata diploma kichwa kilivimba mpaka kofia zote nikamwachia mdogo wangu. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha kwamba mwani, ule utelezi wa kijani unaoota ndani ya pipa la maji lililosahauliwa, umebeba mafuta, na mafuta hayo ukiyachanganya na alkoli kavu na soda kali (si ile ya kunywa) yanageuka mazutu, yaani dizeli, na gari linatembea bila petroli ya kuchimbwa ardhini. Mimi sikulala tena. Nikapasua mapipa, nikajaza ua wetu wa Bel-Air maji ya kijani mpaka vyura wa Kampemba nzima wakahamia kwetu na jamaa zao (jirani alisema wengine wametoka Kinsevere kwa miguu), nikachuja, nikaanika juu ya mabati, nikakamua, na baada ya miezi na miezi ya kunuka kama bwawa nikapata mafuta ya bidoni moja, dumu la plastiki.

Ikabaki alkoli. Ile ya dukani bei yake ilikuwa ya matajiri, na nyuma ya ua wetu kuna mama anayepika lutuku, pombe ya mahindi inayoshika moto ukiionyesha kiberiti tu. Nikasema, alkoli ni alkoli, nikachanganya. (Lutuku ina maji ndani, na mafuta na soda vikikutana na maji havizai mazutu, vinazaa sabuni. Hilo nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani, tena nikasifiwa.)

Sasa, Solange, msichana niliyetaka kumwoa. Baba yake, mzee Kalenga, fundi wa reli aliyestaafu, mtu wa Kongolo, misa kila asubuhi, alikuwa amemwambia binti yake bila kuzunguka: "Mulete tumuone. Lakini kama ni mulevi, ao muntu wa maneno ya bule, asirudi tena hapa." Siku ya kwenda kuomba mchumba ikawekwa Jumamosi moja ya mwezi wa saba, nami nikawaza, nikifika na gari linalokunywa mazutu niliyoyapika mwenyewe, nani ataniita mtu wa maneno ya bure? Basi jioni ya kuamkia siku hiyo nikamimina bidoni lote ndani ya gari la tonton Anaklet, mjomba wangu aliyekuwa msemaji wetu, bila kumwambia. Nilitaka ashangae pamoja na wengine.

Alishangaa.

Mwezi wa saba Lubumbashi, asubuhi hata mawese yanaganda ndani ya chupa. Tulitoka Bel-Air vizuri, kwa yale mazutu ya zamani yaliyobaki kwenye bomba, mimi mbele na tai shingoni, shangazi yangu tantini Godeliva na wenzake nyuma na vitenge vipya vya namna moja, tunaimba. Tulipokaribia kwa mzee Kalenga, barabara ya Luano, gari likakohoa, likatoa moshi mweupe wenye harufu ya baa, likazima.

"Fostin," tonton akasema, "uliweka nini humu?"

Nikamweleza. Akanyoosha kidole kwenye tangi, akasema tu, "Tosha," yaani toa.

Nikachukua kipande cha mpira, nikakiingiza kwenye tangi, nikavuta kwa mdomo, na kitu kizito kama uji kikanijaa kinywani. Nikitaka kusema neno, povu. Nikitema, povu zaidi.

"Angalieni," tantini Godeliva akasema, "diploma iko inatoka."

Gari la kwenda kwa wakwe haliachwi njiani, basi tulisukuma, yaani nilisukuma mimi, maana tonton alishika usukani na tantini zangu walikataa kuchafua vitenge. Wakapita akina mama waliotoka misa, na mmoja mwenye mabega mapana, kitambaa cheupe kichwani, akaja bila kuombwa akaweka bega karibu na langu.

"Unaenda wapi na hii povu, kijana?"

"Kwa bakwe, mama. Sukuma na nguvu, ao haukukula?"

"Niko nasukuma. Bakwe gani?"

"Kwa muzee Kalenga. Muzee iko mupole, lakini mama ya Solange, banasema iko mukali, hata bwana yake anamuogopa."

"Banasema hivyo?"

"Banasema. Mama, usiegemee, sukuma."

Akasukuma mpaka langoni. Akajipangusa mikono, akanitazama, akaingia ndani bila kubisha hodi.

Ninyi mnajua desturi yetu sisi wa kaskazini mwa Katanga. Mama mkwe hasogelewi. Ukimwona njiani unampisha, huli mbele yake, salamu unaitoa kwa mbali. Mimi nilikuwa nimesuguana naye bega na kumpa amri. Nikaingia ndani nikijificha nyuma ya tonton.

Mzee Kalenga akanyoosha mkono. Nikasema, "Jambo, baba," na povu likatoka pamoja na neno, harufu ya lutuku ikafuata. Akaurudisha mkono wake.

"Asubui hii, tayari lutuku?"

Nikaanza kujieleza, na kadiri nilivyojieleza povu lilishuka mpaka kwenye tai. Tonton akasimama kuniokoa.

"Muzee, huyu mutoto hakukunywa. Alinyonya gari."

Hata mimi nilisikia ubaya wa maneno yale. Mzee akamgeukia binti yake. "Solange, ni juu ya huyu ulikuwa unalia?" Solange akainamisha kichwa, na nikaona kwamba mchezo umekwisha, namkosa mwanamke kwa sababu ya bidoni.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba Solange, kaa. Huyu hakulewa. Nilisukuma naye bega kwa bega tangu kule kwa kona. Mulevi hawezi kusukuma vile, mulevi anaangukaka mu mutaro. Na mulevi hawezi kunipa mimi komande."

Mzee alikuwa ameshika neno moja tu. "Bega kwa bega?"

"Muzee," tonton akasema upesi, "tulikuwa hatujaomba bado. Aligusa mama wa kupita, si mama mukwe."

Mzee akajikuna kidevu, akafikiri kama anasikiliza injini. "Ni kweli. Lakini atalipa mbuzi."

"Mbili," pazia likasema. "Moja ya bega, moja ya ile ukali banasema."

Mbuzi wote wawili niliwapeleka kwa miguu, na Solange ni mke wangu. Mama mkwe hajanikaribia tena, tunasalimiana kwa pazia, na pazia lile linacheka. Mapipa ya mwani bado ninayo, sitawadanganya. Lakini naapa mbele yenu: kitu nilichokipika mwenyewe hakitaingia tena ndani ya gari la mtu, na siku nikilazimika kusukuma, nitasukuma kimya.