Mke Mwenza wa Kabatini

Mahfoudha, jirani wa ukuta mmoja huko Azaiba, Omani, anasimulia kwamba Achieng aliiosha picha ile kwa sabuni, chini ya bomba, "kama sahani ya pilau."

Achieng anatikisa kichwa. "Sabuni gani? Kitambaa tu, tena nilikikamua."

Ni saa mbili asubuhi. Mfanyakazi huyu wa ndani kutoka Kisumu anapanguza sebule ya Bi Kheiria. Akilifikia kabati la vioo, analizunguka. Kwa miaka sita, kila Alhamisi, alipewa ufunguo wake. Hii ni wiki ya tatu hajapewa.

Ndani mna picha hiyo, ya mwanamke wa Kifaransa, ndogo kama biskuti. Ilichorwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita kwa rangi za maji, juu ya kipande cha pembe ya ndovu chembamba kama ukucha. Karatasi hunywa rangi, pembe hainywi. Rangi hukaa juu juu tu, nukta kwa nukta.

Hilo Achieng hakulijua.

Marehemu Suud, mume wa Bi Kheiria, aliinunua safarini, akamtania mkewe: "Nimekuletea mke mwenza." Bi Kheiria, sasa wa miaka sabini na nne, akawa anaiamkia kila asubuhi.

"Nlikuwa nkimuuliza, mwenzangu, jana bwana kamwangalia nani, mimi ama wewe?" anasema, anacheka kidogo, kisha anaacha.

Alhamisi ya mwisho aliyopewa ufunguo, Achieng aliona ukungu umeingia nyuma ya kioo cha picha. Akakifungua.

"Picha ya marehemu mamangu kule nyumbani naipangusa hivyo hivyo. Nilipitisha mara moja. Nikaona mashavu yamekuja na kitambaa."

Hakuficha. Alivipeleka vyote viwili kwa bibi, picha mkono huu, kitambaa mkono huu. Zilibaki nywele na utepe wa buluu.

"Nnajua hakukusudia," anasema Bi Kheiria. "Ila nkitaka kuukumbuka ule uso, hauji. Na Suud alikuwa akija nao."

Kitambaa Achieng hakukifua. Amekikunja ndani ya Biblia yake, kina doa la waridi lisilotosha hata kidole. "Nikitupe wapi?" anauliza.

Anakausha mikono kwenye aproni, anasimama mbele ya kiti cha bibi.

"Mama, leo Alhamisi. Naomba ufunguo. Yeye sitamgusa, ni vioo tu. Vumbi limemjaa."

Bi Kheiria anaushika ufunguo uliomning'inia shingoni. Anatazama kabati.