Shuka ya Mama Yaenda Salamabila

Niseme mapema, kabla wengine hawajawasimulia vibaya: niliiba shuka nyeupe ya mama. Ndiyo hiyo aliyoiweka kwa ajili ya Jumapili, wakwe watakapokuja kumposa dada yangu Asha. Nilijiambia nitairudisha kabla hajafungua sanduku.

Chanzo ni redio. Ilisimulia maisha ya mtu mmoja wa Hollywood aliyeandika filamu miaka mingi bila hata moja kununuliwa, halafu akawa mwandishi mkubwa na produsa. Kuandika naelewa, mimi huandika hata sababu za kuchelewa shule. Lakini produsa anafanya nini? Mwalimu alinijibu, “Kaa chini.” Nikaamua kumuuliza mujomba Ramazani, mwenye nyumba ya video Salamabila. Kitambaa chake cha kuonyeshea filamu kilikuwa kimepasuka, basi kwa shuka ile nisingefika mikono mitupu.

Ijumaa niliondoka Kasongo bila kuaga mtu, kwa pikipiki, juu ya gunia la chumvi. Karibu na Kabambare tope lilitushika.

“Shuka, produsa!” akacheka dereva, niliyekuwa nimemsimulia swali langu njia nzima. “Sukuma!”

Salamabila, jioni, mujomba alitundika shuka na kunijibu: “Produsa ni mutu wa kutafuta mafuta ya jenereta wakati wengine wanakula. Sasa shika mikro hii ya kusemea, ufasirie watu filamu.”

“Mujomba, Kiingereza sijui.”

“Hata mimi. Unafikiri miaka yote hii nafasiria nini?”

Nikatunga. Shujaa nikamfanya mchimba dhahabu wa Lusangi, na mwishoni akafa. “Kwisha!” nikasema. Hakuna aliyeinuka.

“Kwisha namna gani?” akauliza mchimbaji mmoja, tope mpaka magotini. “Mama yake nani amemupelekea habari?”

Majina ya waliotengeneza filamu yalikuwa yanaanza kupanda kwenye shuka. “Hawa hapa,” nikasema. “Ndio wanaoenda kwa mama yake, na waliochangia kilio.”

Wachimbaji wakasimama, kofia mikononi, mpaka jina la mwisho.

Mujomba aliniminya bega. “Umeona jina moja limepita mara mbili? Pale ameandika. Pale tena ametafuta mafuta.”

Jumapili nilirudi na shuka nyekundu kwa vumbi. Wakwe walikuwa wamekwisha kukalia kikwembe, kitenge cha mama cha sikukuu, kilichotandikwa badala ya shuka. Nikawasimulia yote, baba mkwe alicheka mpaka akafuta machozi, na posa ikapokelewa. Mama peke yake hakucheka. Walipoondoka, aliikung'uta shuka na kusema:

“Mama wa mufu wa uongo mulimupelekea habari. Mimi, mama wa mutu aliye hai, nani aliniletea?”